Mguu ulionyooka au goti lililokunjwa? Kwa nini vikosi vya DCI havitembei namna moja

#1 Mpulizaji_wa_Buguruni

Habari wakuu.

Kuna jambo limenikosesha usingizi wiki ya pili sasa, nimeona nililete hapa.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: Marekani kuna vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta vinavyoshindana kila kiangazi chini ya Drum Corps International, wenyewe wanaita DCI. Kikosi kikubwa kina vijana 150 na ushee, ukifika miaka 22 basi umestaafu. Klarineti na saksafoni haziruhusiwi. Ni ala za shaba tupu, ngoma, na wapeperusha bendera. Wanaingia uwanja wa mpira wa Kimarekani, wanapiga dakika 11 hivi huku wanatembea, wanarudi kinyumenyume, wanakimbia. Ukiwa jukwaani unaona duara linageuka mshale, mshale unapasuka kuwa mistari minne, na hakuna aliyemgonga mwenzake.

Mimi napiga tarumbeta kwenye bendi ya harusi, mwaka wa tisa huu. Tukitangulia gari la bwana harusi kila mtu anatembea alivyozaliwa. Kwa hiyo nilipoziona video zao nikaanza kutazama miguu kabla hata ya kusikiliza muziki. Nikapunguza kasi hadi robo. Kikosi cha kwanza: mguu unatoka nyongani kama mkasi, goti halikunjwi kabisa, vidole vimeinuka, kisigino kinagusa kwanza, halafu wayo unaviringika taratibu mpaka kidole gumba. Kikosi cha pili, mwaka uleule, uwanja uleule: goti linakunjwa, kisigino kinapanda nyuma, mguu unazunguka kama wa mtu aliye juu ya baiskeli. Wote walikuwa fainali, wote alama juu ya 90.

Swali langu: watu wanaofanya mazoezi kutwa nzima, kiangazi chote, wameshindwaje kukubaliana namna ya kupiga hatua moja? Ipi ni sahihi, na hiyo nyingine ipo kwa sababu gani?

#2 Sajini_Mstaafu

Sahihi ni mguu ulionyooka.

Vikosi hivyo havikuanzishwa na wanamuziki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanajeshi wa Marekani waliorudi nyumbani walikuwa na vyama vyao, American Legion na VFW, na matawi ya vyama hivyo ndiyo yaliyolea vikosi vya ngoma na parapanda. Mashindano ya zamani yalikuwa na ukaguzi kabla ya kupiga hata noti moja: unasimama, unakaguliwa kiatu, kifungo, kola. Hilo ni gwaride. Nimefundisha makuruta miaka 14. Katika gwaride tulilorithi kwa Waingereza hatua ya mwendo wa haraka ni inchi 30, na kisigino kinagusa ardhi goti likiwa limenyooka. Goti likikunjwa mstari mzima unaonekana umechoka. Aliyekunja goti amefundishwa na mtu asiyepita depo.

#3 msomaji_kimya

Nimekaa siti ya mbele.

#4 Tuba_Nzito

Sajini, shikamoo. Historia naikubali, hitimisho nalikataa.

Nimekulia Ohio. Sekondari nilibeba besi, yaani tuba, na kiangazi kimoja nikapita kwenye kikosi kidogo, si hivi 12 vinavyofika fainali. Askari anapochapa mguu hana kitu mdomoni. Mpiga shaba ana kipande cha chuma kimekaa juu ya midomo, na midomo ndiyo inayotengeneza sauti. Kisigino kikigonga ardhi, mtikisiko unapanda mfupa kwa mfupa hadi kwenye meno, na ile noti ndefu inatoka ina mawimbi. Ndiyo maana wote, wa goti na wasio wa goti, wanaviringisha wayo. Mwalimu wetu alikuwa anasema tuviringishe kama tunakamua dawa ya meno kuanzia mwisho wa tyubu.

Kurudi kinyumenyume ni habari nyingine. Unatembea kwa sehemu ya mbele ya wayo tu, kisigino hakigusi chini. Usiku wa kwanza wa kambi vigimbi vyangu vilikuwa vigumu kama jiwe, nilishuka ngazi nimeshika ukuta.

Na hatua ya msingi siyo inchi 30. Uwanja ule umechorwa mstari kila yadi 5. Unapiga hatua 8 kati ya mstari na mstari, kila hatua inchi 22 na nusu, sentimita 57. Ile ya inchi 30 ni hatua 6 kwa yadi 5. Ipo, ila ni ya kuhama mbali kwa haraka.

#5 Kipimo_Sahihi

Naomba niingie na hesabu.

Chukua mtu mwenye mguu wa sentimita 90 kutoka nyongani hadi chini. Miguu yote imenyooka kama bikari. Akipiga hatua ya sentimita 57, nyonga inashuka karibu sentimita 5 miguu inapoachana, kisha inapanda tena inapokutana. Hatua ya sentimita 76, inashuka zaidi ya sentimita 8. Kwa hiyo kila hatua kichwa kinapanda na kushuka kama boya, na tarumbeta nayo. Anayekunja goti anaufupisha mguu pale unapopita katikati, na nyonga inabaki usawa mmoja. Goti ni shokapu, ndiyo kazi yake mwilini.

Ongeza kasi sasa. Midundo 180 kwa dakika kwa hatua ya sentimita 76 ni kilomita 10 kwa saa. Huyo ni mkimbiaji anayepuliza.

#6 msomaji_kimya

Mkuu hebu rudia. 180 mara 0.76 mara 60 ni mita 8,208. Kilomita 8 na kidogo, siyo 10.

#7 Kipimo_Sahihi

Uko sahihi, nilikuwa nimeweka midundo 220. Ahsante. Hata 8 bado ni mbio kwa aliyebeba tuba.

#8 Tuba_Nzito

Kipimo, hesabu yako ni nzuri lakini bikari haina wayo. Binadamu anao. Tazama tena alichokieleza Mpulizaji: vidole vya mguu wa mbele vimeinuka, kwa hiyo unasimama kwa ncha ya kisigino. Wakati huohuo kisigino cha mguu wa nyuma kimepanda, umesimama kwa vidole. Miguu yote miwili imerefuka pale pale ambapo wewe unasema nyonga inashuka. Ile sentimita 5 inaliwa na wayo. Vidole havikuinuliwa kwa urembo.

Ugumu unakuja hatua ikizidi inchi 30. Hapo wayo hautoshi tena, na hata vikosi vya mguu mnyoofu huwa vinaachia goti, wanakimbia kwa vidole kama wachezaji wa dansi ya jazi.

#9 Nyayo_Laini

Nafundisha dansi, na nimewasoma wote mnaongea kama watu wanaohamisha mzigo. Mwili wa mtu pale uwanjani ni sehemu ya wimbo.

Tafuteni onyesho la kikosi cha Star of Indiana, 1993. Muziki wa Bartók na Barber, mgumu, mkavu. Wale vijana hawakutembea tu. Wanainama, wanaanguka, wanainua mkono mmoja polepole, kikosi kizima kinapumua pamoja. Mashabiki wengi hawakuwaelewa wakati ule. Walishika nafasi ya pili kwa alama 97.3, mbele yao Cadets kwa 97.4. Sehemu moja ya kumi! Baada ya hapo Star waliachana na mashindano wakaingia jukwaa la maonyesho, na kazi yao Blast! ilifunguliwa London 1999 na kupata tuzo ya Tony mwaka 2001.

Tangu hapo mguu ni swali la tabia ya onyesho. Ukitaka ubaridi, ukali, mashine, nyoosha mguu. Ukitaka mtu, kunja goti. Mkiuliza kipi sahihi ni kama kuuliza kati ya huzuni na furaha ipi ni sahihi.

#10 Sajini_Mstaafu

Mtu anayeanguka makusudi kwenye gwaride namwandikia adhabu.

#11 Nyayo_Laini

Na mimi anayesimama bila kupumua dakika 40 namwandikia likizo, baba.

#12 mama_wa_Indy

Habari wandugu. Miye niko Indianapolis, tulitoka Bukavu. Mwanangu wa pili anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule, na fainali za DCI zinafanyika hapa kwetu Lucas Oil Stadium tangu 2009, kwa hiyo tumeenda mara tatu.

Niwaambie kitu ambacho video haionyeshi. Mwaka wa kwanza tulikaa chini, karibu na uwanja, tiketi ilikuwa ya bei ndogo. Niliona miguu, jasho, kijana mmoja ana plasta kwenye kidevu, na sikuelewa onyesho hata kidogo. Ilikuwa vurugu ya watu wanapishana. Mwaka uliofuata tulikaa juu kabisa. Miguu ilipotea. Niliona bawa kubwa linafunguka katika uwanja mzima, na nilishika mkono wa mume wangu bila kujua.

Kutoka kule juu sikuweza kujua nani amekunja goti. Sasa miye nauliza: wanabishana kwa ajili ya nani?

#13 Mpulizaji_wa_Buguruni

Mama, hilo ndilo swali lenyewe. Aliye juu haoni goti. Aliye chini anaona goti lakini haoni umbo. Kwa nini basi wajiumize?

#14 Tuba_Nzito

Kwa ajili ya jaji. Na hapa lazima tupite kwenye historia ya alama, maana bila hiyo uzi huu hauelekei popote.

Zamani ilikuwa hivi. Kikosi kinaanza na alama zote, majaji wanaingia uwanjani na ubao wa kuandikia, wanapita katikati ya mistari, na kila kosa wanaloliona wanakata sehemu moja ya kumi. Mguu umewahi, kata. Fimbo ya ngoma imechelewa, kata. Bendera imeinama, kata. Ukiwa mwalimu wa kikosi katika hali hiyo utafanya nini? Utachagua mwendo ambao makosa yake ni machache, na utachora maumbo yanayofanana kushoto na kulia, mistari minyoofu, hatua ndogo. Mguu mnyoofu una faida kubwa hapo: kila mtu akinyoosha hadi mwisho, hakuna cha kupima. Ni sifuri au moja. Goti lililokunjwa lina digrii, na kila mtu ana digrii yake. Watu 100, magoti 100.

Halafu akaja George Zingali. Alichorea 27th Lancers, kisha Garfield Cadets wa New Jersey. Alitupa ile kioo ya kushoto na kulia. Mistari yake ilipinda, ikajikunja, ikapasuka upande mmoja wakati upande wa pili unatuama, na yote kwa kasi ambayo watu hawakuwa wameizoea. Cadets wakachukua ubingwa 1983, 1984 na 1985. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba 1983 ulikuwa mwaka wa mwisho wa ule mfumo wa kukata. Walicheza hatari ile yote huku majaji bado wanakata! Msimu uliofuata mfumo ukageuzwa: jaji anajenga alama kutoka chini, anapima ugumu na jinsi ulivyotekelezwa. Mlango ukafunguka.

Na hao Cadets walikuwa wa mguu mnyoofu. Kwa hiyo wale wanaosema mguu mnyoofu ni wa kizee, wenye mchoro wa kisasa kuliko wote enzi hiyo walikuwa nao.

#15 Reli_ya_Kati

Nyongeza kidogo, maana watu huchanganya: DCI iliundwa 1971, ubingwa wa kwanza ulifanyika 1972 huko Whitewater, Wisconsin, na Anaheim Kingsmen ndio walioshinda. Kwa hiyo mashindano ya kabla ya hapo Sajini anayoyazungumzia hayakuwa ya DCI.

Na leo mgawanyo wa alama 100 uko hivi: 40 ni mvuto wa jumla, 30 mwonekano, 30 muziki. Hiyo 30 ya mwonekano ina ndani yake utekelezaji, uchambuzi wa mchoro, na wapeperusha bendera. Goti linahukumiwa kwenye kipande tu cha 30. Alama ya juu kabisa ninayoifahamu ni 99.650 ya Blue Devils mwaka 2014. Hakuna aliyegusa 100.

#16 Mtoto_wa_Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mie nimesoma maneno ya mama wa Indy nikakumbuka halaiki.

Nilipokuwa skuli tulichaguliwa kwa sherehe za Mapinduzi, Amaan. Miezi ya mazoezi juani. Kila mtoto alikuwa na alama yake chini, na hukuambiwa unachora nini. Mie nilidhani tunakaa safu tu. Siku ya sherehe mamangu alikuwa jukwaani, akarudi nyumbani ananieleza kuwa tuliandika maneno, tukachora jembe, tukageuka maua. Mie jembe lile sikuliona hata siku moja, na nilikuwa ndani yake.

Basi hawa wa Marekani nao nadhani ni hivyo. Aliyemo uwanjani haoni bawa. Anachokijua ni mguu wake. Ukimnyima ubishi wa goti umemnyima kila kitu anachokimiliki.

#17 mama_wa_Indy

Umenigusa. Mwanangu ana alama zake kwenye simu, namba za kila umbo, hatua ngapi kutoka mstari gani. Yadi ya 35, hatua 2 nje. Usingizini anazitaja.

#18 Simba_wa_Segerea

Wakuu mnapoteza muda na hao wanaotembea kwa adabu. Tazameni Florida A&M, magoti yanapanda hadi kiunoni, mwili unayumba, ndio DCI ya kweli hiyo!

#19 Reli_ya_Kati

Hiyo siyo DCI ndugu. Hao wanaitwa Marching 100, ni bendi ya chuo kikuu, ilijengwa na William P. Foster kuanzia mwaka 1946, klarineti na saksafoni zimo, haishindanii alama mbele ya majaji wale. Ni utamaduni wa vyuo vya Wamarekani weusi, pamoja na Southern, Jackson State, Grambling. Mwaka 1989 walialikwa Paris kwenye sherehe za miaka 200 ya mapinduzi ya Ufaransa.

Ila umeleta jambo zuri bila kukusudia. Kule paja linainuliwa hadi linalingana na ardhi, kama umekaa kwenye kiti. Na wanapuliza vizuri tu. Tuba_Nzito anasema mtikisiko unaharibu sauti, mbona wale hauwaharibii?

#20 Tuba_Nzito

Swali la haki. Muziki wao una pigo zito, noti fupi, mkato. Mtikisiko unaangukia kwenye pigo na unasaidia. Waambie washike noti moja laini ya midundo 16 huku wanainua paja namna ile, halafu sikiliza. Wenyewe wakifika kwenye wimbo wa polepole husimama.

#21 Simba_wa_Segerea

Nimeelewa. Ila roho yangu iko na wale wa magoti ya kiunoni.

#22 Mvita_Moja

Mimi ni wa Mombasa, na nasikitika uzi umefika hapa hakuna aliyetaja beni.

Sisi tulikuwa na mashindano haya pwani kabla American Legion haijazaliwa. Miaka ya 1890 Lamu na Mombasa vijana walishaanza kuunda vyama vya ngoma vyenye sare, vyeo, tarumbeta na mwendo wa kijeshi. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Bara ya Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti. Hakukuwa na jaji wa kukata sehemu ya kumi. Jaji alikuwa mtaa. Kundi lililopita likaacha watu midomo wazi ndilo lililoshinda, na kesho yake wenzao walitafuta sare nzuri zaidi.

Nyanyangu alikuwa akisema kila upande ulikuwa na miguu yake. Ungewajua kwa mbali, usiku, kabla ya kuona bendera. Yeye alikuwa akiwaigiza ukumbini, hawa wanaburura kidogo, hawa wanakanyaga. Mimi naamini jibu la Mpulizaji liko hapo. Hawakubaliani kwa sababu hawataki kufanana. Mguu ni kitambulisho.

#23 Sajini_Mstaafu

Mvita, hapo umenishika. Hata kwetu vikosi tofauti ukiviona vinapita kwa mwendo wa pole unajua hiki ni kipi kabla hakijafika mbele ya jukwaa.

Ila nitetee jambo moja. Mmewahi kuona gwaride la kimyakimya kwenye sherehe za Uhuru? Hakuna amri, hakuna ngoma. Watu wanageuka, wanapishana, wanarudi, kila mmoja anahesabu kichwani. Linawezekana kwa sababu hatua zote ni sawa. Ukimruhusu kila mtu goti lake, hesabu inaharibika hatua ya kumi tu.

#24 Kipimo_Sahihi

Sajini, umegusa kitu ambacho nimekuwa nikikitafuta.

Uwanja wao una urefu wa yadi 100, mita 91. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Anayepiga ngoma kona ya kushoto, sauti yake inamfikia wa kona ya kulia baada ya sekunde 0.27. Kwa midundo 180, mdundo mmoja ni sekunde 0.33. Yaani ukimfuata kwa sikio mtu wa upande wa pili utakuwa umechelewa karibu mdundo mzima, na aliye jukwaani atasikia uji. Masikio hayafai kitu pale, labda kusikiliza nyuma tu, kwa wapiga ngoma waliowekwa katikati. Kwingine kote ni macho. Macho yanatazama nini? Mikono ya dramu meja, yule anayewaongoza, na dramu meja naye anatazama nini?

#25 Tuba_Nzito

Miguu! Anatazama miguu ya wapiga ngoma ndogo wa katikati. Nimefurahi umelifikia mwenyewe.

Na ndiyo maana tulifundishwa kwamba kati ya mdundo na mdundo, pale katikati kabisa, vifundo vya miguu lazima vikutane. Kisigino kwenye pigo, vifundo kwenye nusu ya pigo. Mguu unakuwa saa yenye mishale miwili. Kwa mguu mnyoofu nusu hiyo inaonekana wazi. Kwa goti inaonekana pia, lakini jicho linavutwa na goti linalopanda.

Wapiga ngoma wenyewe wana shida yao. Ngoma imefungwa kwenye mabega, huwezi kugeuza kiwiliwili, kwa hiyo wakihama pembeni wanakwenda mwendo wa kaa, mguu mmoja unakatiza mbele ya mwingine huku kifua kinatazama jukwaani. Hapo habari ya goti kunyooka sahau. Kikosi kilekile kina miendo mitatu.

#26 Nyayo_Laini

Kikosi kilekile kina miendo mitatu. Naomba sentensi hiyo isipite hivihivi, maana ndiyo niliyoisema tangu posti #9.

Bluecoats wa Canton, Ohio walipochukua ubingwa 2016 kwa Down Side Up hawakuvaa kofia wala sare ya kijeshi, na uwanjani kulikuwa na miteremko mikubwa, watu wanapanda na kuteleza. Mguu upi unanyooka kwenye mteremko?

#27 Reli_ya_Kati

Nyayo, huo ni upande mmoja. Miaka kumi na mitano hivi kabla ya hapo Cavaliers walishinda 2000 (sare na Cadets), 2001 na 2002 kwa michoro ya Michael Gaines, na ile ilikuwa jiometri tupu. Maboksi yanazunguka ndani ya maboksi, duara inapita katikati ya mstari. Mwili mmoja ukiyumba pale ni kama jino lililovunjika kwenye gia. Ladha zinakwenda na kurudi.

#28 Dada_Kibaha

Naomba mtu aweke orodha: kikosi gani kinatumia mguu gani. Nataka kumwonyesha mdogo wangu.

#29 Tuba_Nzito

Dada, orodha zipo mitandaoni lakini usiziamini sana. Mwendo unafuata mwalimu. Akihama mwalimu wa mwonekano kutoka California kwenda Illinois, goti linahama naye, na msimu ujao kikosi kinajifunza kutembea upya kama watoto. Orodha ya 1995 haifai leo. Cadets ndio waliokuwa wameshikilia mwendo wao muda mrefu, na Cadets hawapo tena. Kikosi cha tangu 1934, mabingwa mara 10, kilifungwa 2024. Niliposoma habari ile nilikaa kwenye gari sehemu ya kuegesha, nikashindwa kuingia kazini kwa robo saa.

#30 Dada_Kibaha

Pole sana kaka. Mwalimu anahama na goti, nimelielewa hilo.

#31 Mvita_Moja

Kwa hiyo jibu ni mwalimu? Basi mwalimu naye alilitoa wapi?

#32 Kipimo_Sahihi

Kwa mwalimu wake. Na yule wa kwanza kabisa alikuwa na mguu wa sentimita ngapi, hilo ningependa kujua.

#33 mama_wa_Indy

Jambo la kiafya, kabla sijasahau. Kijana mmoja wa bendi nyingine alianguka kwenye gwaride la Julai, amesimama tu, hajatembea. Waliambiwa wafunge magoti kabisa. Mwanangu anasema wao wanafundishwa goti linyooke lakini lisifungwe, kuna tofauti ndogo ya kulegeza nyuma. Sajini, jeshini hamuanguki?

#34 Sajini_Mstaafu

Tunaanguka, mama. Nimewaokota wengi. Damu inashuka miguuni, haipandi. Tulikuwa tunawaambia wachezeshe vidole ndani ya buti na wahamishe uzito kimyakimya, asione mtu. Huyo mwanao ana mwalimu mzuri.

#35 Mpulizaji_wa_Buguruni

Wakuu, nimerudi na majibu ya uwanjani.

Jana jioni niliwachukua wenzangu wanne wa bendi, tukachora chaki kwenye sakafu ya nyuma ya kanisa, alama kila sentimita 57, na upande wa pili kila sentimita 76. Tarumbeta tuliziacha kando kwanza. Kila mtu alishika kikombe cha plastiki kimejaa maji hadi ukingoni, mbele ya kidevu, pale tarumbeta inapokaa. Simu ikapiga midundo 120.

Kwenye 57, mguu mnyoofu na vidole juu: nilimwaga kidogo sana, shati lilibaki kavu. Goti: nilimwaga zaidi, kwa sababu nilikuwa nalifikiria goti. Kwenye 76 ikawa kinyume, mguu mnyoofu ulinilowesha kifua chote, goti likanisaidia. Hapo nikasema Kipimo na Tuba wote wamepata.

Lakini sasa. Kuna kijana wetu wa miaka 17, mpiga ngoma, ambaye hajasoma uzi huu wala hajaona video. Nikampa kikombe nikamwambia atembee tu. Akaenda hadi mwisho, 57 na 76 zote, hakumwaga tone. Nikamrudisha mara tatu. Nilipomwuliza anafanyaje akasema amekuwa akiwabebea wazazi chai kutoka jikoni la nje tangu mdogo. Nikainama nitazame magoti yake, na sikuweza kusema kama yamenyooka au yamekunjwa.

Halafu tukachukua tarumbeta, noti moja ndefu, watu watano kwa mstari. Mstari ulivunjika hatua ya sita. Kijana wa chai ndiye aliyeuvunja, maana yeye alitembea vizuri na sisi tulitembea sawa.

#36 Nyayo_Laini

Huyo kijana mnataka kumnyoosha au mnataka wote mtembee kama yeye?

#37 Sajini_Mstaafu

Mpulizaji, mazoezi yajayo ni lini?

#38 Mpulizaji_wa_Buguruni

Jumapili saa 10 jioni baada ya ibada, Sajini. Karibu sana. Besi letu ni bovu kidogo, valvu ya pili inakwama.

#39 Sajini_Mstaafu

Nitafika saa 9 na nusu. Nakuja na filimbi na kamba ya kupimia. Mwambie huyo kijana asivae ndala.

#40 Tuba_Nzito

Valvu ikikwama itoe, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kausha, weka mafuta mepesi ya cherehani kama huna ya valvu. Usitumie ya kupikia. Na mpige video kwa pembeni, usawa wa goti, siyo kwa mbele.